Kura Kumi na Nne za Ras Al Khor

Ijumaa, 13 Aprili 2007

Daftari hili nimelinunua leo kwa Mhindi mwenye duka chini ya nyumba yetu hapa Karama. Mwanasiasa asiyeandika mambo yake huandikiwa na wengine. Somo hilo nililipata mwaka 2002, nilipogombea udiwani kwetu Vihiga nikashindwa kwa kura sitini na moja, na hadi leo watu wanasimulia kwamba nililia hadharani. Sikulia. Nilikuwa na mafua.

Mwaka uliofuata nilikuja Dubai. Niliyekuwa mwalimu wa darasa la saba sasa ni msimamizi wa walinzi katika bohari ya vipuri vya magari, Ras Al Khor. Mke wangu Lynette anatandika vitanda hotelini Deira. Binti yetu Teresiah ana miaka minane, na kila Jumamosi anakwenda Rashidiya kwenye shule ya chama chetu cha wahamiaji, nyumba ya kukodi ambamo watoto wa Afrika Mashariki wanafundishwa Kiswahili na hesabu za kwetu. Mimi ni katibu wa kamati ya shule hiyo, mwaka wa pili sasa. Uchaguzi ni tarehe nane Juni. Nagombea uenyekiti.

Desemba kuna uchaguzi mkuu nyumbani. Ndugu yangu Jairus, aliyeendesha kampeni yangu ya kwanza, ananiambia kwenye simu, "Mheshimiwa, watu wanataka mtu aliyewahi kuongoza kitu." Basi nitaongoza kitu. Agosti nichukue likizo, nirudi kujitayarisha kwa uteuzi wa chama cha siasa, nigombee tena udiwani.

Anayenizuia ni Sista Damaris, mwenyekiti wa sasa, muuguzi kutoka Nyeri. Anaendesha shule kama wodi. Kila Jumamosi, hata akitoka zamu ya usiku, lazima apite kudai rejista. Wazazi wanamheshimu lakini hawampendi. Kwenye siasa hiyo ni nafasi.

Jumapili, 15 Aprili

Kazini. Vumbi. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 20 Aprili

Baada ya kanisa, maana hapa Wakristo tunasali Ijumaa, nimezunguka Karama vyumba saba. Katika kimoja familia tatu zimetenganishwa kwa mapazia, nikawahutubia zote kwa mpigo bila kumwona hata mmoja. Walicheka. Nadhani nimepata kura tatu.

Jioni nilikwenda kwa Taib. Huyu ni mtu wa Mombasa, anauza injini kuukuu jirani na bohari yetu, na watu wote wa Pwani wanaoishi upande ule humsikiliza. Familia zao ni kumi na nne kati ya hamsini na mbili za shule. Alinikaribisha vizuri. Mkewe Swafiya alileta mahamri na chai ya iliki, na binti yao Sumeiya, wa miaka mitano, akasimama mlangoni akinikagua viatu.

"Mwalimu, sisi hatutaki maneno mengi," Taib alisema. "Basi la shule laenda Karama kuchukua watoto wenu. Wetu twawapakia teksi, ama hawaendi. Miaka miwili twaomba. Sista atwambia subirini, subirini."

"Nikiwaletea basi?"

"Ukituletea basi kabla ya uchaguzi, kura kumi na nne ni zako. Mimi mwenyewe nitazileta."

Swafiya, alipokuwa akiondoa vikombe, aliniambia polepole, "Mwalimu, huyu wangu apenda sana shule. Jumamosi asipokwenda hulia."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyekwisha shinda.

Jumanne, 24 Aprili

Joto limeanza. Kofia ya sare inaacha mstari wa chumvi kwenye paji.

Jumamosi, 28 Aprili

Kikao cha kamati. Niliwasilisha hoja ya basi.

Basi ni moja, dereva ni mmoja, Mzee Msellem wa Unguja, mwenye miaka karibu ishirini katika nchi hii. Mhudumu pia ni mmoja, Mwatima, ambaye hukaa na watoto garini, huwahesabu wakipanda na huwahesabu wakishuka. Nilipendekeza safari mbili. Ya kwanza ilete watoto wa Karama pamoja na Mwatima. Mwatima abaki shuleni kuwatazama mpaka walimu wafike. Msellem arudi peke yake kuchukua watoto wa Ras Al Khor.

Sista Damaris aliuliza, "Na hao wa Ras Al Khor nani atawahesabu?"

"Dereva."

"Dereva anaangalia barabara. Tutafute mhudumu wa pili kwanza, kisha tuanze."

"Sista, kutafuta mtu, kumpatia kibali, hiyo ni mpaka Septemba. Wazazi wamesubiri miaka miwili. Tuwaambie nini?"

"Tuwaambie wasubiri Septemba. Watoto wa miaka mitano hulala garini, Naftali. Mimi nawaona."

Nilisema maneno ambayo niliyaona mazuri sana wakati ule. Nilisema usawa hausubiri kibali. Watu walipiga makofi. Tulipiga kura, nne kwa tatu, hoja ikapita. Damaris alinitaka, kwa kuwa mimi ndiye katibu, niandike kitabuni kwamba yeye alipinga na sababu yake ni ipi. Niliandika. Njiani nilimwambia Lynette kwamba yule mama hajui kushindwa.

Lynette aliuliza, "Lakini alichosema ni uongo?"

Nikamwambia siasa haiendi hivyo.

Jumamosi, 5 Mei

Safari ya kwanza ya Ras Al Khor. Nilikuwa langoni. Watoto tisa walishuka wamevaa kama siku ya Idi. Taib alinipigia simu: "Mwalimu, umetimiza." Sumeiya alipita mbele yangu na mkoba mkubwa kuliko mgongo wake.

Mzee Msellem alinivuta kando. "Mwalimu, mie sikatai kazi. Lakini nataka mtu nyuma. Hawa wadogo wakiinama siwaoni kwenye kioo."

"Tunatafuta, Mzee. Vumilia."

Hatukuwa tukitafuta. Nilipanga kulianzisha jambo hilo baada ya uchaguzi.

Alhamisi, 10 Mei

Jairus kapiga simu. Amekwisha tafuta mchoraji wa mabango.

Jumamosi, 19 Mei

Niandike kabla sijaanza kuyapanga.

Nilifika shuleni asubuhi nikaingia chumba cha walimu kuandika hotuba yangu. Saa mbili na dakika kumi nilisikia basi likiingia na watoto wa Ras Al Khor wakishuka kwa kelele. Msellem alilipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta, akalifunga, akaenda kafeteria kunywa chai, kama kila mara. Tayari nje kulikuwa kama mdomo wa tanuri.

Saa tatu kasoro dakika kumi aliingia Damaris kutoka zamu, macho mekundu. Hakunisalimia. Alichukua rejista akapitisha kidole.

"Sumeiya wa Taib hayupo?"

"Labda anaumwa," nilisema bila kuinua kichwa.

Akapiga simu pale pale. Nilisikia upande wake tu. "Mama Sumeiya, mtoto amebaki leo? ... Umempakia wewe mwenyewe?" Akaiacha simu mezani ikiwa wazi, sauti ya Swafiya ikiendelea kuita ndani yake, akakimbia.

Nilimfuata. Nilipofika nyuma ya nyumba alikuwa amebandika viganja kwenye dirisha la basi. Kwenye kiti cha mwisho niliona mkoba, na chini ya mkoba nywele. Mlango umefungwa. Nilikimbia ukumbini nikang'oa mtungi wa kuzimia moto, nikavunja kioo cha nyuma, nikaingia mzimamzima. Hewa ya mle ndani sijui niiite nini. Mtoto alikuwa mwekundu, mkavu, hana hata jasho. Nilipomwinua kichwa kilianguka nyuma.

Nilimpitisha dirishani, Damaris akampokea, akamlaza kivulini, akamvua nguo, akamwagia maji, akampepea kwa ile rejista. Sauti yake haikupanda hata mara moja. "Maji zaidi. Kwapani. Kinenani. Mwatima, shika miguu. Sumeiya, mama, niangalie. Niangalie mimi." Mwatima alikuwa analia na kusema, mimi ningemhesabu, mimi ningemhesabu.

Mzee Msellem alirudi ameshika glasi ya karatasi. Aliona kioo, akaona watoto madirishani, akaona tulichokizunguka. Akakaa chini kwenye mchanga na ile chai mkononi, na hakuimwaga.

Gari la wagonjwa lilikuja. Polisi walikuja. Walimchukua Msellem. Swafiya alifika kwa teksi wakati mlango wa gari la wagonjwa unafungwa, akaingia bila viatu.

Yu hai. Mpaka sasa yu hai. Nina vidonda vya kioo kwenye mikono yote miwili, na watu wote wananishika mabega wakiniambia nimeokoa mtoto.

Jumapili, 20 Mei

Bado hajaamka. Madaktari wanangoja. Taib amekaa koridoni anaitazama sakafu. Aliponiona alisimama akanikumbatia, akalia kwenye shingo yangu. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumanne, 22 Mei

Sumeiya ameamka. Amemtambua mama yake. Hasemi.

Leo niliitwa kituoni kutoa maelezo. Afisa alikuwa mpole, kulikuwa na mkalimani.

"Dereva alikuwa anajua ni wajibu wake kuhakikisha gari ni tupu?"

"Ndiyo."

"Kulikuwa na mhudumu?"

"Kuna mhudumu wa shule. Siku hiyo alikuwa shuleni."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na kazi ya kuwapokea watoto wengine."

Aliandika, nikatia sahihi. Sikudanganya. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimsukuma Msellem ndani zaidi.

Ijumaa, 25 Mei

Kanisani mchungaji alinisimamisha. Makofi. Wale wa Karama waliokuwa wanasitasita wananiita shujaa. Damaris alikuwa kiti cha nyuma, akapiga makofi pia, mara tatu, polepole.

Jairus amesikia habari mpaka Vihiga. "Mheshimiwa, Mungu amekufanyia kampeni mwenyewe." Nilikata simu, kisha nikamwandikia kwamba mtandao ulikatika.

Jumatatu, 28 Mei

Damaris alikuja kazini kwangu, langoni, na sare yake ya hospitali, juani.

"Naftali, nataka kile kitabu cha vikao."

"Cha nini?"

"Mzee Msellem anaambiwa alimwacha mhudumu kwa uzembe wake. Atafungwa, kisha atarudishwa kwao. Kitabu kinaonyesha kamati ndiyo iliyoamua."

Nikamwambia kitabu kiko nyumbani, nitakitafuta.

"Unadhani nafanya hivi kwa sababu ya kura," alisema.

"Uchaguzi ni wiki ijayo, Sista."

"Basi kipeleke wewe. Mimi nitakaa kimya. Kipeleke kwa jina lako, usinitaje."

Aliondoka kutafuta teksi. Kitabu kiko chini ya godoro letu. Jioni nilifungua ukurasa wa tarehe 28 Aprili. Mwandiko wangu ni mzuri. Nilishika karatasi pembeni, pale kurasa ziliposhonwa, nikaona ingechanika bila kuacha alama. Lynette alikuwa anapiga pasi. Akaacha kupiga pasi. Nikakifunga.

Jumatano, 6 Juni

Kimbunga kimepiga Omani. Huku tumepata upepo na vumbi, mbingu rangi ya kahawa. Sumeiya ametoka hospitali.

Ijumaa, 8 Juni

Nimeshinda. Thelathini na tano kwa kumi na saba. Taib alileta kumi na nne zake kama alivyoahidi, akasimama mbele ya wote akasema huyu ndiye mtu aliyevunja kioo. Damaris alinipa mkono na ufunguo wa ofisi. "Rejista zote ziko kabati la kushoto," alisema. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Nilisema asanteni nikakaa.

Jumapili, 10 Juni

Teresiah ameuliza wakati wa chai, "Baba, kwa nini sisi tunahesabiwa na wale wengine hawahesabiwi?"

Jumanne, 12 Juni

Nilikwenda kumtembelea Msellem. Tulizungumza kupitia kioo, kwa simu. Amekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe kabisa, au labda alikuwa akizitia hina.

Nilianza kuzungumza habari za wakili, akanikatiza.

"Mtoto hajambo?"

"Ametoka hospitali. Anasema maneno machache."

"Alhamdulillahi. Mwalimu, mie ndiye niliyeshuka bila kutazama nyuma. Miaka yote hii sijawahi, siku ile nikatamani chai. Hilo langu, nitalibeba, na kwa Mungu nitaulizwa. Sikulaumu wewe kwa hilo."

"Mzee..."

"Ngoja. Langu nitalibeba. Lako siliwezi. Mie mtu mzima, mgongo hauna nafasi tena."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata la kujibu.

Alhamisi, 14 Juni

Nimekwenda kwa Taib. Nilichukua kitabu. Nilikaa sebuleni pale pale nilipokula mahamri, nikawaomba wote wawili wasikilize, nikasoma ukurasa mzima kwa sauti. Hoja ya katibu. Pingamizi la mwenyekiti, na sababu, watoto wa miaka mitano hulala garini. Kura nne kwa tatu. Kisha nikawaambia lisiloandikwa: kwamba Msellem aliniomba mtu wa nyuma nikamdanganya, na kwamba kituoni nilinyamaza.

Taib alisimama. Nilifikiri atanipiga, nikatamani anipige. Alikwenda dirishani.

Swafiya ndiye aliyesema. "Kwa hivyo safari ya Karama ilikuwa na mtu."

"Ndiyo."

"Mtoto wako alihesabiwa."

"Ndiyo, Mama Sumeiya."

"Na sisi tulikuwa kura ngapi?"

"Kumi na nne."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua muda mrefu. Sumeiya alikuwa amelala kwenye zulia, na mama yake alikuwa ameweka mkono juu ya mgongo wake. Nadhani hauondoi tena.

Taib alisema bila kugeuka, "Toka nyumbani kwangu, Mwalimu. Toka nikiwa bado nimetazama nje."

Jumamosi, 16 Juni

Nimejiuzulu mbele ya kamati, nayo imemrudishia Damaris uenyekiti. Kisha mimi na Damaris tulikwenda kwa mwendesha mashtaka na kitabu. Maelezo mapya, saa tatu nzima. Wameniambia nami naweza kushtakiwa. Damaris alinisubiri nje muda wote. Aliponiona alinipa chupa ya maji.

"Miaka miwili nimekuita mkaidi," nilimwambia.

"Mimi ni mkaidi," alisema. "Nilipoteza mtoto wodini, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nimesaini kwamba nimemwangalia, na sikuwa nimemwangalia. Tangu hapo nahesabu."

Nilimwomba aniachie kazi yoyote ya shule, hata kufagia. Akasema hapana. Akasema kwanza wazazi wa Ras Al Khor wapate mwaka mmoja bila kuniona langoni. Alisema vizuri, na alikuwa na haki.

Jumatano, 20 Juni

Hakimu amekubali Msellem atoke kwa dhamana mpaka kesi isikilizwe Novemba. Masharti: mtu aweke pasipoti yake. Mzee hana ndugu hapa. Damaris alikuwa tayari kutoa yake, lakini mama yake anaumwa Nyeri na huenda akahitaji kusafiri siku yoyote.

Pasipoti yangu iko kwa arbab, tajiri wangu wa kazi, kwenye sefu ya ofisini. Nilikwenda kuiomba.

"Kwa likizo yako ya Agosti?" aliuliza. Anajua habari za udiwani, huwa ananitania, ananiita waziri.

"Hapana, sir. Kwa dhamana ya mtu."

Nikamweleza. Alisikiliza akizungusha tasbihi.

"Huyu mzee akikimbia, wewe khalas, umekwisha. Unaelewa? Na kabla ya Novemba huendi popote."

"Naelewa, sir."

"Na uwaziri?"

Alifungua sefu, akatoa pasipoti, akaisukuma mezani. "Jina lako usilichezee mara mbili," alisema, na akarudi kwenye karatasi zake.

Jumatano, 27 Juni

Nimempigia Jairus. Nimemwambia uteuzi utanipita, watafute mtu mwingine.

"Kwa ajili ya dereva? Wa Unguja, hata si wa kwetu?"

"Ndiyo."

Akauliza mabango ayafanye nini.

Lynette alisikia yote. Alikuja akakaa karibu nami kitandani, mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

Alhamisi, 28 Juni

Asubuhi nilikabidhi pasipoti mahakamani. Karani aliandika nambari, akaitia kwenye bahasha, akanipa kipande cha risiti. Saa sita walimtoa Msellem. Amevaa ile kanzu aliyokamatwa nayo, imekuwa kubwa.

Tulisimama kwenye kivuli kidogo cha ukuta tukingoja magari yapungue. Alitaka kujua kesi ni lini, nikamwambia Novemba. Akataka kujua uchaguzi wetu ni lini.

"Desemba. Lakini uteuzi ni Novemba."

Alipiga hesabu.

"Kwa hiyo umeshindwa kabla ya kupigiwa kura, Mwalimu."

"Ndiyo, Mzee."

Hakunipa pole wala hakunishukuru. Magari yalipopungua alinishika mkono, tukavuka barabara.